Usisafiri na Mekifaili

Mekifaili iliyozaliwa kwenye kompyuta ya Ngara haina kazi kwenye kompyuta ya Biharamulo. Vijana wengi wanaoanza kuandika programu hulijua hilo baada ya kupoteza siku nzima. Wanabeba folda yote kwenye flashi, msimbo pamoja na kila kilichozaliwa humo, wanaibandika kwenye mashine ya pili, wanaandika `make`, kisha wanabaki kukodolea macho makosa yanayotaja folda ambazo mashine ile haijawahi kuwa nazo. Kinachotakiwa kusafiri ni msimbo na maelezo mafupi ya mradi. Mekifaili izaliwe palepale itakapotumika, ilingane na kompaila iliyopo.

Tutajifunza kwa kutumia EPANET, programu ya kukokotoa mwendo wa maji ndani ya mtandao wa mabomba. Iliandikwa na Lewis Rossman katika EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, na toleo lake la kwanza likatoka mwaka 1993. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ina kazi ya kufanya katika wilaya hizi za Ngara na Biharamulo. Ngara ni vilima juu ya vilima, na mradi wa maji ya mserereko unaoshuka mita 100 kutoka kwenye chanzo hadi kichoteo cha bondeni tayari umefikia karibu bar 10, yaani kikomo cha bomba la PN10. Ukikosea mahali pa kuweka tangi la kupunguzia presha, bomba linapasuka usiku. Penye visima virefu na pampu hesabu ni nyingine, lakini programu ni ileile. Tangu RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, ianzishwe mwaka 2019, hesabu za miradi ya vijijini ni kazi ya mafundi wake, na wapo wahandisi wa maji nchini wanaoijua EPANET tangu chuoni.

Sababu ya pili ni jinsi programu yenyewe ilivyoundwa. Sura yake yenye ramani na vitufe iliandikwa kwa Delphi, na inakaa Windows tu. Injini yake imeandikwa kwa lugha ya C, na C inakubali kukompailiwa karibu popote. Injini hiyo sasa inatunzwa na jumuiya ya Open Water Analytics kwenye GitHub, kwa leseni ya MIT inayokuruhusu kuichukua, kuibadili na kuigawa. Faili ya mtandao wa mabomba, yenye mwisho wa `.inp`, ni maandishi matupu. Kwa hiyo mwenye Linux hajafungiwa nje, mradi ajue kujenga injini.

Tuseme basi uko Ngara mjini na laptopu ya Ubuntu. Mwenzako wa Biharamulo ana kompyuta ya mezani yenye Windows ya biti 32, ya zamani, na hakuna mpango wa kuibadilisha. Wa tatu yuko Rulenge na Raspberry Pi iliyounganishwa na televisheni. Ofisi nyingine ina Windows mpya yenye Visual Studio. Mashine nne na kompaila za familia tofauti, ila msimbo ni mmoja.

Kwa nini mekifaili moja haitoshi

Stuart Feldman aliandika `make` huko Bell Labs mwaka 1976, na tangu hapo wazo ni lilelile: faili moja, yaani mekifaili, inayosema nini kinatokana na nini, na amri gani itumike kukitengeneza. Ugumu uko kwenye hizo amri. GCC inataka `-c` na `-o`, inatoa faili za `.o`, na ukitumia `pow()` au `sqrt()` kwenye Linux ni lazima uongeze `-lm`. Kompaila ya Microsoft, inayoitwa `cl`, inataka `/c` na `/Fo`, inatoa `.obj`, na ukiitajia maktaba ya `m` itakuuliza ni kitu gani. Kufuta faili upande mmoja ni `rm`, upande wa pili ni `del`. Hata lugha ya mekifaili yenyewe si moja: masharti ya GNU Make huanza kwa `ifeq`, ya NMake ya Microsoft huanza kwa `!IF`, na hakuna inayoelewa ya mwenzake.

Unaweza kuandika mekifaili tatu kwa mkono. Wapo waliofanya hivyo miaka mingi, na kwa programu ya faili mbili si dhambi. Tatizo huja siku unapoongeza faili ya tatu ukakumbuka kuitaja kwenye mekifaili ya Linux pekee. Mwenzako wa Biharamulo anapata kosa la kiunganishi kuhusu jina asilolijua, na wewe uko mbali.

Ndipo zikaja programu za kuzalisha mekifaili. CMake ilianzishwa mwaka 2000 na kampuni ya Kitware, kwa ajili ya mradi wa picha za tiba uliogharimiwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mradi ule ulitakiwa ujengeke kwenye Unix na Windows vilevile. Leo hii EPANET yenyewe, QGIS inayotumika kuchora ramani za vijiji, na miradi mingi mingine ya C na C++ inatumia CMake. Zipo nyingine tutakazozitaja mbele, lakini anza na hii.

Andika maelezo, usiandike amri

Kabla ya kugusa EPANET, jaribu na kitu kidogo cha kwako. Tuseme umeandika programu iitwayo `vichoteo`, inayosoma orodha ya vituo vya kuchotea maji pamoja na mwinuko wake, kisha inakadiria presha ya kila kimoja kwa kanuni ya Hazen-Williams. Kanuni hiyo ina kipeo cha desimali, hivyo `pow()` haikwepeki. Ndani ya folda ya mradi weka faili iitwayo `CMakeLists.txt`, kwa herufi kubwa na ndogo kama zilivyo hapa:

```
cmake_minimum_required(VERSION 3.15)
project(vichoteo C)

add_executable(vichoteo vichoteo.c msuguano.c)

if(MSVC)
  target_compile_options(vichoteo PRIVATE /W4)
  target_compile_definitions(vichoteo PRIVATE _CRT_SECURE_NO_WARNINGS)
else()
  target_compile_options(vichoteo PRIVATE -Wall -Wextra)
  target_link_libraries(vichoteo PRIVATE m)
endif()
```

Faili hii inasema tu kwamba kuna programu moja, inatokana na faili mbili, na kompaila ya Microsoft ina mahitaji yake tofauti na zilizobaki. Haitaji `.o` wala `.obj`, haina `rm` wala `del`. Sehemu ya `if` iwe fupi kadiri inavyowezekana. Ukiona inarefuka kupita maelezo ya mradi, ujue umeanza kuandika mekifaili kwa mlango wa nyuma.

Neno `C` baada ya jina la mradi lina faida kwa mwenye bando dogo. Ukiliacha, CMake inadhani unahitaji na C++ pia, inaanza kuitafuta kompaila yake, na isipoipata inagoma. Kwa programu ya C tupu, hizo ni megabaiti umepakua bure.

Kuzalisha, mashine kwa mashine

Kwenye Ubuntu na Raspberry Pi mambo ni mepesi. `sudo apt install build-essential cmake` inaleta kila kitu, kisha:

```
cmake -S . -B jenga-linux -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release
cmake --build jenga-linux
```

Amri ya kwanza inasoma maelezo, inaichunguza kompaila uliyonayo na kuandika mekifaili ndani ya folda mpya ya `jenga-linux`. Ya pili inaiita `make` kwa niaba yako. Zoea kuandika `cmake --build` badala ya `make`, kwa kuwa amri hiyo haibadiliki, iwe chini yake kuna GNU Make, NMake au Ninja. Alama za `-S` na `-B` zinafanya kazi kuanzia CMake 3.13. Ukikutana na toleo la zamani zaidi, kwa mradi usiodai 3.15 kama huu wetu, tengeneza folda, ingia ndani yake, andika `cmake ..`.

Kwenye Windows yenye GCC, yaani familia ya MinGW, unataja kwa jina kizalishi, yaani aina ya mekifaili unayotaka:

```
cmake -S . -B jenga-mingw -G "MinGW Makefiles" -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release
```

Na kwenye ile yenye Visual Studio:

```
cmake -S . -B jenga-nmake -G "NMake Makefiles" -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release
```

Hii ya mwisho usiiendeshe kwenye dirisha la amri la kawaida. Fungua lile linaloitwa Developer Command Prompt kwenye menyu ya Visual Studio, kwa sababu ndilo linalojua `cl` na `nmake` viko wapi. Robo tatu ya malalamiko kwamba CMake haioni kompaila, kwa maoni yangu, huishia hapo.

Ukitaka kujua vizalishi vyote ulivyonavyo, andika `cmake --help` na usome mwishoni. Kwenye Windows utakuta hata Borland na Watcom, kompaila za enzi za disketi, bado zimo. Chenye nyota ndicho kitakachotumika usipotaja jina.

`Release` usiisahau. Ukiiacha, kizalishi cha NMake kinachukua `Debug`, na programu ya `Debug` ya Visual Studio inategemea maktaba za majaribio zisizokuwepo kwenye kompyuta isiyo na Visual Studio. Itafanya kazi kwako vizuri kabisa na kugoma kwa kila utakayempa. Hata ya `Release` huomba maktaba za Visual C++ ziwe zimewekwa. Ukitaka zimezwe ndani ya programu yenyewe, ongeza `-DCMAKE_MSVC_RUNTIME_LIBRARY=MultiThreaded`. Ndiyo maana nimeandika 3.15 kwenye maelezo ya mradi: chini ya hapo, alama hiyo hupuuzwa kimyakimya.

Kila kompaila iwe na folda yake ya kujengea. CMake huhifadhi majibu yote iliyoyapata kwenye faili ya `CMakeCache.txt`, pamoja na njia kamili za mashine ile, kuanzia mzizi wa diski. Ukibadili kizalishi ndani ya folda ileile, inakataa. Ukihamisha folda yenyewe, inakataa vilevile na kukuambia kwamba hapa sipo ilipozaliwa. Dawa ni kuifuta folda ya kujengea na kuzalisha upya. Usiionee huruma. Ukiwa na Git, andika `jenga-*/` kwenye `.gitignore` na umemaliza.

EPANET inajengwa kwa amri hizohizo, kutoka kwenye folda yake kuu. Unapata maktaba ya injini na programu ndogo iitwayo `runepanet`, ambayo unaipa majina matatu: faili ya mtandao, faili ya ripoti, na faili ya matokeo. Iwapo CMake yako ni 4 au zaidi na mradi ulionao ni wa zamani, huenda ikakataa kwa kuwa imeacha kuelewana na maelezo yaliyoandikiwa matoleo ya chini ya 3.5. Ongeza `-DCMAKE_POLICY_VERSION_MINIMUM=3.5` uendelee.

Vifaa kwa mwenye bando

Kuweka Visual Studio ni gigabaiti kadhaa. Kama mashine haina tayari, usianze. Kwa Windows pakua vitu viwili: CMake ya zip, si ile ya kusakinisha, na w64devkit, ambayo ni GCC nzima pamoja na `make` ndani ya kifurushi kimoja. Vyote viwili hukaa kwenye flashi, vinafunguliwa popote na haviombi nywila ya msimamizi, jambo la maana sana kwenye kompyuta za ofisi na shule. Iwapo CMake italalamika kwamba haioni `mingw32-make`, ielekeze kwa `-DCMAKE_MAKE_PROGRAM=` ukifuatisha njia ya `make.exe` uliyonayo. Na ukiwa na CMake ya kabla ya 3.17, kizalishi cha MinGW hugoma kikiiona `sh.exe` kwenye PATH, na Git ya Windows inaweza kuiweka humo. Chukua CMake mpya, ugomvi uishe.

Kwa Ubuntu, mmoja apakue kwa niaba ya wote. `sudo apt-get install --download-only build-essential cmake` huacha vifurushi kwenye `/var/cache/apt/archives`. Nakili faili za `.deb` umpelekee mwenzako, ila hakikisheni mna toleo moja la Ubuntu, na kwamba mashine iliyopakua haikuwa na nusu ya vifurushi hivyo tayari, maana alivyonavyo mpakuaji havipakuliwi tena.

Saa ya Ngara na saa ya Kigali

Hapa pana jambo ambalo kwa mtu wa Ngara ni la kila siku. `make` haisomi msimbo wako kujua kama umebadilika. Inatazama saa tu. Faili ya msimbo ikiwa mpya kuliko `.o` yake, inakompaili. Ikiwa ya zamani, inapita. Na Ngara imepakana na Rwanda na Burundi, nchi zinazotumia saa ya Afrika ya Kati. Ikiwa saa nne asubuhi Ngara mjini, Kigali na Bujumbura bado ni saa tatu.

Ukiwa mpakani, Rusumo au Kabanga, simu yako inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo. Laptopu inayopata intaneti kwa simu hiyo, kama imeachiwa ijipangie majira yenyewe, inaweza kurudi nyuma saa moja bila kukuuliza. Kwa kazi za kawaida hutagundua. Sasa ongeza flashi. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, na FAT32 huandika saa kama ilivyosomeka ukutani, bila kusema ni ya nchi gani. Faili uliyoihifadhi saa nne kamili Ngara, ukiibandika saa nne na dakika kumi kwenye laptopu inayodhani iko Kigali, itasomeka ya saa nne kamili ilhali laptopu inasema sasa ni saa tatu na dakika kumi. Faili imetoka kesho, kwa namna ya kusema. `make` itaonya kwamba kuna faili zenye tarehe ya wakati ujao na kwamba kazi huenda isikamilike, kisha itakompaili yaleyale kila unapoiita, hadi saa ipite. Ikitokea kinyume ni mbaya zaidi: msimbo uliourekebisha kwenye laptopu iliyo nyuma unasomeka mzee kuliko `.o` iliyopo, `make` inaupita bila onyo lolote, na wewe unaendelea kupima programu ya jana ukidhani ni ya leo.

Funga majira kwa mkono. Kwenye Linux: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Kwenye Windows: `tzutil /s "E. Africa Standard Time"`. Zima kujipanga kwenyewe. Kompyuta ya mezani ambayo kila ikizimwa inarudi mwaka ilipotengenezwa inahitaji betri ndogo ya bodi, ile bapa ya mviringo, na hakuna amri itakayoiponya.

Halafu acha kuburuta folda kwenye flashi. Funga msimbo namna hii:

```
git archive --format=tar.gz -o epanet.tar.gz HEAD
```

Git inachukua msimbo peke yake, bila folda za kujengea, na kila faili inapewa saa ya uhifadhi wako wa mwisho (commit), iliyoandikwa kwa saa ya dunia. Windows 10 kuanzia toleo la 1803 inafungua kwa `tar -xzf`. Ya zamani itahitaji 7-Zip. Kifurushi ni kidogo kiasi kwamba unaweza kukituma kwa WhatsApp kama waraka, flashi isisubiri basi la Biharamulo.

Ila kuna mtego. Ukimtumia mwenzako kifurushi cha pili akakifungua juu ya folda ileile, msimbo mpya unaweza kuwa na saa ya asubuhi ulipouhifadhi, wakati `.o` zake alizijenga mchana kwa msimbo wa zamani. `make` itaona `.o` ni mpya zaidi, itapita. Basi mwambie afungue kila kifurushi kwenye folda mpya, au ajenge kwa `cmake --build jenga-mingw --clean-first`.

Amri hiyohiyo ndiyo ya kukimbilia umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye kompyuta isiyo na betri. Ukiikatiza `make` kwa Ctrl-C inapata nafasi ya kufuta faili iliyokuwa inaandikwa. Umeme ukikatika haipati. Inabaki `.o` tupu au nusu, yenye saa mpya, na umeme ukirudi `make` inaihesabu kuwa imekwisha. Kiunganishi ndicho kinacholalamika kwamba faili imekatika au haitambuliki, na kwa mtu asiyejua, lawama zinaenda kwenye msimbo usio na kosa.

Mashine isiyoweza kuwekwa kitu

Ile Windows ya biti 32 ya Biharamulo, kwa uzoefu wa mashine za aina hiyo, kukompailia juu yake ni mateso. Iache. Ijengee programu yake ukiwa Ngara. Kwenye Ubuntu weka kifurushi cha `mingw-w64`, kisha andika faili iitwayo `win32.cmake`:

```
set(CMAKE_SYSTEM_NAME Windows)
set(CMAKE_C_COMPILER i686-w64-mingw32-gcc)
set(CMAKE_CXX_COMPILER i686-w64-mingw32-g++)
```

Halafu:

```
cmake -S . -B jenga-win32 -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=win32.cmake \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \
  -DCMAKE_EXE_LINKER_FLAGS=-static-libgcc \
  -DCMAKE_SHARED_LINKER_FLAGS=-static-libgcc
```

Faili ya `win32.cmake` ikae kwenye folda kuu ya mradi. Utapata `.exe` na DLL zake. Ziwekwe folda moja. Kwa Windows ya biti 64 weka `x86_64` mahali pa `i686`. `-static-libgcc` inazuia programu isiende kutafuta DLL ya GCC ambayo Biharamulo haipo. Zingatia pia kwamba maktaba iliyojengwa kwa GCC kwa kawaida huongezewa `lib` mbele ya jina, na ya Visual Studio haiongezewi. Programu nyingine inayoitafuta kwa jina fupi itasema haipo hata ikiwa pembeni yake.

Kuna njia ya tatu, inayofaa pale ambapo mpokeaji ana kompaila na anataka kubadilisha msimbo mwenyewe, ila hawezi kuweka CMake. Premake huandikiwa maelezo kwa Lua, ni faili moja tu ya kuendesha, na mekifaili inazozalisha hutumia njia fupi za ndani ya mradi. Kwa hiyo hizo, tofauti na za CMake, zinaweza kusafiri. Unaandika `premake5 --os=windows gmake` ukiwa kwenye Linux, unafunga mekifaili pamoja na msimbo, na mpokeaji anaandika `make config=release` bila kuijua Premake. Maktaba ya wxWidgets imefuata wazo hilo kwa miaka mingi: ndani ya kifurushi chake unakuta `makefile.gcc` na `makefile.vc` tayari, zilizozalishwa na Bakefile, programu nyingine ya aina hii.

Ningekuwa na mashine nne zile, ningetumia CMake kwa tatu, na hiyo ya biti 32 ningeipelekea `.exe` iliyojengwa Ngara. Premake ningeiweka kwa shule au kituo ambako wanafunzi wana kompaila na hawana intaneti. Kuchanganya CMake na Premake kwenye mradi mmoja nisingethubutu. Unarudi kulekule kwa kusahau faili ya tatu.

Pima kabla ya kuamini

Programu kujengeka haimaanishi inakokotoa sawa. Chukua faili moja ya mtandao, mfano Net1 inayokuja na EPANET, iendeshe kwenye kila mashine, kisha linganisha ripoti kwa `diff` kwenye Linux au `fc` kwenye Windows. Mistari ya tarehe na saa za kuanza na kumaliza itatofautiana, hiyo ipuuze. Presha na mtiririko vikitofautiana kwenye desimali za mwisho kabisa, ni kompaila mbili kukadiria kila moja kwa namna yake. Vikitofautiana kwenye mita, simama.

Kwa programu yako mwenyewe, chunguza kwanza `long`. Kwenye Linux ya biti 64 ina baiti 8, kwenye Windows ya biti 64 ina baiti 4, na CMake haiwezi kukuokoa na hilo. Tumia `int32_t` na `int64_t` kutoka `stdint.h`. Kisha angalia majina kwenye `#include`: Windows haijali kama umeandika `Msuguano.h` au `msuguano.h`, Linux inajali. Mwisho, angalia kama faili ya `.inp` iliyopita kwenye Notepad imeongezewa alama zisizoonekana mwanzoni mwake. Kwenye Linux, `head -c 3 jina.inp | xxd` ikionyesha `efbb bf`, ihifadhi upya bila alama hizo, halafu endesha tena.